Hakuna Kiingereza, Hakuna Huduma

Vijana wa idara ya Kiingereza waliniomba niandike machache kuhusu kazi "kabla hujasahau, Madam". Sijasahau kitu, na walioniomba wanajua, maana ndio haohao niliowasumbua vikaoni mpaka juma nililokabidhi funguo za kabati. Hotuba ya kuaga, ile yenye shukrani kwa kila mtu, niliisoma, tukala pilau, nikapewa vitenge na chupa ya chai. Haya ni mengine. Madaraja niliyopanda na yale niliyocheleweshewa sitayagusa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuelewa sentensi ya Kiingereza kwa kuwa mwalimu wake kapanda daraja.

Niliripoti Kibondo msimu wa mvua, nikitokea kwetu Kondoa, sina sweta. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba Kigoma kuna baridi. Mimi nilijua Kigoma ni ziwa na jua. Kipindi changu cha kwanza kilikuwa Kidato cha Pili. Niliuliza swali dogo la sarufi, wakanyamaza kana kwamba nimewatukania wazazi. Mwishowe akasimama msichana mmoja wa mbele, akafumba macho, akanitiririshia maana yote ya kitabuni bila kukosea herufi, na alipofika mwisho akaongeza, kwa sauti ileile, maneno yaliyoandikwa chini ya ukurasa: tazama picha ifuatayo. Darasa likampigia makofi. Nilikwenda ofisini nikakaa nikitazama mvua.

Ofisini kulikuwa na Mwalimu Mlengera, mtu wa Njombe, mvuta sigara, mwenye koti la mvua asilolivua hata ndani. Alikuwa amefundisha Kiingereza Kibondo muda mrefu kiasi kwamba Waha walimsalimia kwa Kiha akajibu kwa makofi yao yote ya salamu, bila kukatiza hata moja. Nilimsimulia yaliyonipata. Hakunipa pole.

"Binti, unawalisha mahindi na magunzi yake," alisema. "Neno halimezwi zima. Unalipasua, unawaonyesha punje."

Akavuta kamusi yake kutoka mtoto wa meza. Mgongo wa kamusi ulikuwa umekatika zamani, akaufunga kwa ukanda wa mpira wa ndani ya tairi la baiskeli. Ilikuwa kamusi ya aina ambayo mwisho wa kila neno inakwambia limetoka wapi, kwa herufi ndogo ambazo wengi wetu tulikuwa tukizirukia. Akanionyesha herufi nne: p, o, r, t. Kilatini cha kale, alisema, kilikuwa na kitenzi cha kubeba chenye herufi hizo. Transport ni kubeba kutoka upande huu kwenda ule. Import ni kubeba kuingiza, export kubeba kutoa. Support ni kubeba kutokea chini, kama anavyofanya mtu anayesukuma baiskeli ya mwenzake mlimani. Report ni kubeba kitu na kukirudisha.

"Sasa wewe unasema umeripoti Kibondo," akaniambia. "Umerudisha nini?"

"Sijarudisha kitu, Mwalimu. Ndiyo kwanza nafika."

"Basi hukuripoti. Umekuja tu."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo kilinipa cheti, nacho nakishukuru, lakini kazi nilifundishwa na mzee mwenye kikohozi aliyenitoa nje ya geti siku iliyofuata, na wanafunzi wangu wote, tukasimama kando ya barabara kutazama wanaume wakisukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi na madumu ya mawese. Kila aliyepita, darasa lilitakiwa kusema anaingiza au anatoa. Wale wanaume walidhani tumetumwa kukusanya ushuru, wakaanza kukatiza shambani. Lakini yule msichana wa kufumba macho aliniuliza, macho yakiwa wazi, kama mama anayembeba mtoto mgongoni naye yumo katika familia hiyo. Nikamwambia yumo.

Mlengera alinionya pia kuhusu wageni waliovaa sare. Portrait, yaani picha ya mtu, ina herufi zilezile nne lakini si ndugu wa kubeba. Imetokana na kuvuta kitu kukitoa nje, kama mchoraji anavyouvuta uso utokee. Alikuwa akifurahia sana maneno ya namna hiyo. Akilipata moja anawasha sigara nyingine. Na sport, alisema, asili yake ni kubebwa ukapelekwa mbali na shughuli zako, ndiyo maana siku ya mechi hapabaki mtu ofisini.

Nilifanya kazi hivyo miaka mingi. Zana zangu mnazijua: karatasi za manila, maka peni za rangi mbili, gundi ya unga wa muhogo niliyoipika mwenyewe kwa sababu ya dukani hukauka ikaachia ukuta. Kila familia ya maneno ilikuwa na manila yake. Mzizi chini kwa nyekundu, watoto juu kwa bluu, wageni waliovaa sare pembeni ndani ya boksi. Na nilikuwa na kanuni moja ambayo imeniletea maneno kuliko nyingine zote: nusu ya kwanza ya kipindi mtoto aeleze maana kwa lugha yoyote aliyonayo tumboni. Kiha, Kirundi, Kiswahili, chochote. Nusu ya pili ndiyo tunakibeba Kiingereza sasa, kwa sababu kuna cha kubeba. Mkaguzi mmoja aliwahi kunikuta darasa zima likibishana kwa Kiha, akaniuliza kama hili ni somo la Kiingereza. Nikamwambia asubiri. Hakusubiri, alikuwa na gari la kuwahi.

Katika madarasa hayo wamekuwamo siku zote watoto wa familia zilizotoka Burundi, wengi wakiwa Watanzania kwa hati na kwa kuzaliwa. Mmoja wao aliwahi kusimama mbele ya manila ya kubeba akasema, "Madam, mbona hiki ni Kifaransa cha babu yangu?" Alikuwa sahihi. Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kuwaeleza kwamba zamani Uingereza ilitawaliwa na watu waliovuka bahari kutoka upande wa Ufaransa, wakubwa wakasema Kifaransa vizazi na vizazi, na Kiingereza kikayapokea maneno yao kwa maelfu. Hakikuuliza neno limetoka kambi gani. Ndiyo maana leo ni lugha kubwa. Mtoto yule alikaa akiwa amenyoosha mgongo.

Baadaye nikahamia Kasulu kumfuata mume wangu, tabibu, nikapangwa shule moja ya kata nje ya mji. Jina lake naliacha. Waliokuwapo wanaijua, na ambao hawakuwapo haiwahusu. Mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Bitaliho, Mha halisi, mzaliwa wa vijiji vya hukohuko Kasulu, mtu nadhifu, mwenye kuchomekea shati hata Jumamosi. Mlangoni mwa ofisi ya walimu alikuwa amepigilia ubao wa mninga uliopakwa rangi nyeupe, na kwa herufi kubwa za bluu ukiwa umeandikwa: NO ENGLISH, NO SERVICE. Hakuna Kiingereza, hakuna huduma. Mwanafunzi akija ofisini, awe anaomba chaki, ruhusa au dawa ya tumbo, akifungua kinywa kwa Kiswahili anaonyeshwa ubao kwa kidole, anarudi alikotoka.

Mbao za namna hiyo zipo kila mahali nchini na walimu wengi wema wamezipigilia. Nilimwambia Bitaliho siku ya kwanza kwamba siupendi. Akanijibu kwa utulivu, na jibu lake naliandika kama lilivyokuwa kwa sababu halikuwa la kijinga.

"Madam Zaituni, wewe umetoka kwenu. Mimi hapa ni kwetu. Watoto wa mjini wanakilamba Kiingereza kwenye shule za kulipia tangu wana meno ya maziwa. Hawa wangu, nisipowabana mlangoni, nani atawabana? Maisha? Maisha hayana kengele ya mapumziko."

"Mkuu, ukimfungia mtu mlango hajifunzi kuongea. Anajifunza kutokubisha hodi."

"Mimi nilichapwa kwa ajili ya Kiha changu mpaka kikanitoka shuleni. Leo nimekaa kwenye kiti hiki."

Tulibaki hivyo. Yeye na ubao wake, mimi na manila zangu. Kwenye ukuta wa Kidato cha Nne nilibandika familia ya s, e, r, v, ambayo kwa kweli ni familia mbili zinazokaa nyumba moja, na wataalamu bado wanabishana kama zina babu mmoja. Ya kwanza inatokana na neno la Kilatini la mtumwa. Humo mna servant, mtumishi, na service, huduma, na hata deserve, kustahili, kwa maana ya aliyetumika kwa moyo mpaka akastahili kitu. Ya pili inatokana na kutunza. Humo mna preserve, conserve, na observe, yaani kutazama kwa kuangalia kisipotee, na reserve, kuweka nyuma kama akiba, ndiyo maana wenzetu wa Kibondo wana pori la akiba na simba wake. Kijana mmoja akaniuliza mtumishi wa umma ni mtumwa wa nani. Nilimjibu kwamba swali hilo lina wakubwa wake.

Katika darasa hilo alikaa Evelina. Wazazi wake walilima Rungwe Mpya, watu wa asili ya Burundi, walokole, na yeye alikuwa amepanga geto karibu na shule pamoja na wasichana wengine wa mbali. Alikuwa mzito wa kusema na mwepesi wa kuelewa. Kwenye manila ile ndiye aliyenionyesha kwamba nyanya yake, anayekausha maharage na kuyatia majivu yasibunguliwe, anafanya kazi ya familia ya pili. Alilisema hilo kwa Kirundi katika nusu ya kwanza, na kwa Kiingereza kinachochechemea katika nusu ya pili, na lote lilikuwa sawa.

Asubuhi moja mimi nikiwa nasimamia mazoezi ya mtihani darasa jingine, dereva wa bodaboda alifika getini na ujumbe. Mama yake Evelina alikuwa ameshikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, wanampeleka hospitali Kasulu, na anamwita binti yake. Sheria ya shule ilikuwa mwanafunzi hatoki getini bila ruhusa ya ofisi. Evelina akakimbia ofisini. Aliyekuwapo ni mkuu wa shule peke yake; wenzangu wawili walikuwa chumba cha pili wakisahihisha, na ndio walionisimulia.

Alisema kwa Kiswahili. Bitaliho akaonyesha ubao. Akajaribu Kiingereza, kikamkatikia mdomoni, kwa hofu aliyokuwa nayo hata mimi kingenikatikia. Akasema kwa Kirundi, haraka haraka, habari yote: mama, mtoto, hospitali, bodaboda iko getini. Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja. Mkuu alielewa kila neno. Hilo ndilo ambalo sikuwahi kuliweka chini. Akamwambia, kwa Kiingereza, "Nenda ukaandae sentensi yako, kisha urudi."

Evelina alirudi darasani. Wenzake wakamtungia sentensi, wakabishana juu yake, wakamkaririsha. Aliporudi ofisini mkuu alikuwa ameingia kikao na wajumbe wa bodi, na mlango umefungwa. Akasimama nje akiishikilia sentensi yake. Kikao kilipokwisha alipewa ruhusa, bila shaka, na kupongezwa kwa matamshi. Bodaboda alikuwa ameondoka kitambo. Akashuka Kasulu kwa miguu mpaka alipopata lifti ya lori la muhogo. Mama yake alikuwa amefariki yeye akiwa njiani, na mtoto pia.

Sisemi ubao ulimuua yule mama. Mume wangu alinieleza mambo ya uzazi ya namna ile na mimi si mtu wa kusingizia. Ninachosema ni kwamba mama aliuliza kama binti yake amefika, akauliza tena, na binti yake alikuwa amesimama nje ya mlango wetu akijikumbusha sentensi.

Nilikwenda msibani Rungwe Mpya. Bitaliho alikwenda pia, akatoa rambirambi ya shule kwa Kiswahili sanifu, akaondoka. Mimi nilibaki. Baba yake Evelina, mtu mrefu aliyekonda, alinikalisha kwenye kigoda.

"Mwalimu," alisema, "umwana wanje, mwanangu huyu, hakukosa lugha. Zilikuwamo tatu kwenye kinywa chake. Sasa niambie, mtoto mwenye lugha tatu anaitwaje bubu?"

Nilimwuliza Evelina kama atarudi shule.

"Hapana, Madam."

"Mtihani uko karibu. Ukikaa nyumbani watakufuta jina, wataandika utoro."

"Waandike." Alikuwa akipepeta maharage na hakuinua kichwa. "Siwezi kupita chini ya ile mbao. Ikitoka, nitakuja. Isipotoka niache nilime na baba."

Nikamwambia itatoka. Baba yake alinitazama kama mtu anayepima uzito wa mzigo wa mwenzake.

Basi hapo ndipo ilipoanzia sifa yangu mbaya, ambayo baadhi yenu mmeisikia imeongezwa chumvi. Ukweli wake ni huu. Niliazima bisibisi kwa fundi pikipiki, nikasubiri mapumziko ya saa nne, shule nzima ikiwa nje inakula viazi, nikapanda kwenye kiti changu mwenyewe nikafungua skrubu za ubao, nikautoa. Wanafunzi waliacha kutafuna. Bitaliho akatoka.

"Madam, hiyo ni mali ya shule."

"Naiona, Mkuu. Nitaikabidhi stoo."

"Rudisha ulipoitoa."

"Sirudishi."

Nikaupeleka ubao stoo. Kesho yake ulikuwa umepigiliwa tena, safari hii kwa misumari ya inchi sita, kazi ya fundi seremala. Misumari ya inchi sita haitoki kwa bisibisi. Nilikuja na mtaimbo wa shamba. Kipande cha fremu kilitoka nao na hilo lilikuja kuwa shtaka la pili. Nikaupeleka stoo tena, nikakuta stoo imefungwa, nikakata kona hadi jikoni. Mama Siwema, mpishi wetu, alikuwa akihangaika na kuni mbichi, moshi umemjaa macho.

"Madam, hiyo kuni?"

"Kuni kavu kabisa. Mninga."

Tuliuchana vipande viwili kwa shoka. Mwanzoni rangi ilinuka vibaya, kisha ukawaka vizuri, na walimu wote wakala maharage siku ile, wakiwamo walionitazama kwa jicho la pembe. Mpaka leo nikiulizwa kama najuta, nasema yalikuwa yameiva sawasawa.

Niliitwa kikao cha nidhamu. Alikuja afisa kutoka mjini, mtu mwenye haraka na adabu. Akanitaka nijieleze. Nami nilijieleza kwa namna ninayoijua. Nilimweleza kwamba neno service lililoandikwa kwenye ubao ule si mzaliwa wa Uingereza, ni mwana wa mtumwa wa Kilatini aliyepita Ufaransa, na kama Waingereza nao wangepigilia mbao milangoni mwao, neno hilo lisingeingia na sisi tusingekuwa na cha kuwanyima watoto. Nilimweleza familia zote mbili za s, e, r, v. Nilimwuliza ofisi yetu iko katika ipi, ya utumwa au ya kutunza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, hapa si darasani," akaandika alichoandika. Nilipewa onyo na uhamisho wa kurudi Kibondo. Wenzangu, mkitegemea elimu ya maneno iwashindie kikao, mtakuja kulia. Mimi kikao nilishindwa mbele ya watu. Lakini ubao haukurudi. Wengine wanasema bodi iliogopa maneno ya wazazi. Mama Siwema anasema seremala alikataa kutengeneza mwingine, mkewe ni wa Rungwe Mpya. Bitaliho mwenyewe hakuwahi kulizungumza nami.

Kibondo nilifundisha mpaka nikastaafu, na huko ndiko tulikofahamiana wengi wetu, kwa hiyo hamna haja ya kusimuliwa. Mlinikuta na manila zangu na kikohozi changu cha chaki. Mnajua kwamba nimegombana na wakuu wa shule wote isipokuwa mmoja, ambaye alihamishwa kabla hatujazoeana. Mnajua pia kwamba mlango wa ofisi yangu haukuwahi kuandikwa kitu. Msije mkauandika. Mkiuandika nitakuja, nauli ninayo na mtaimbo ninao.

Ninalotaka kuwaachia ni siku ya mwisho kabisa pale Kasulu, ambayo wengi wenu hamkuwapo. Nilikuwa nakusanya manila zangu ofisini. Walimu karibu wote walikuwamo, na Bitaliho kwenye meza yake, tumebanana kama watu waliogombana ndani ya chumba cha kupanga. Pale mlangoni fremu ilikuwa bado imenyofoka. Evelina akafika na baba yake. Alikuwa amevaa sare, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba.

Nilitoka nikamnong'oneza, "Sema kwa lugha yoyote, mwanangu. Hakuna kitu mlangoni."

"Ninajua, Madam," akasema. "Nitasema kwa hiyohiyo ya kwao. Wasije wakasema sikusema."

Nilitaka kumzuia. Nilikuwa nimechoma ubao, nimepoteza kituo changu cha kazi ili asilazimike, naye anakwenda kufanya kilekile walichomtaka. Nikamwachia njia kwa shingo upande. Alisimama kizingitini, mikono nyuma, akamtazama mkuu wa shule usoni, akasema kwa Kiingereza, polepole, kila neno mahali pake:

"Sir, my mother is very sick. She is calling me. Please allow me to go and see her."

Mama yangu anaumwa sana, ananiita, naomba ruhusa nikamwone. Ilikuwa ileile sentensi waliyomtungia wenzake. Alikuwa ameiandaa, kama alivyoagizwa, na alikuwa ameileta.

Bitaliho alisimama, akafungua kinywa, na sote tulimwona akitafuta Kiingereza, yeye aliyekuwa nacho kingi kutuzidi. Hakikuja. Alizunguka meza, akaja mpaka kizingitini, akapiga makofi mawili ya taratibu, kama wanavyofanya kwao wanapomwendea mfiwa.

"Wihangane, mwana wanje," alisema. "Wihangane."

Ndiyo pole yao, Kiha na Kirundi ileile. Evelina aliisikia, na akalia, kwa sauti, kama ambavyo hakulia kwenye maziko. Baba yake akageukia nje. Nilimwacha Evelina alie mpaka kengele ilipogonga, kisha nikamshika mkono tukaenda darasani, maana kipindi kile kilikuwa bado changu.